Kulishwa kwa Mpira Nyumbani: Mwongozo kwa Familia na Jumuiya

Si jambo geni tena katika parokia zetu kumkuta mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitalini akiwa na mpira wa kulishia, huyu umepitishwa puani, yule tumboni. Wengi ni wazee waliopatwa na kiharusi wakapoteza uwezo wa kumeza. Wengine wana saratani ya koo la chakula, ugonjwa unaousumbua sana ukanda wa mashariki mwa Afrika kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na ambao kwetu mara nyingi hugunduliwa koo likiwa limekwisha kubana hata uji haupiti. Wamo pia watoto wenye mtindio wa ubongo, na wale waliokunywa kwa bahati mbaya kostiki soda ya kutengenezea sabuni.

Hospitalini muuguzi ndiye aliyelisha. Siku ya kuruhusiwa familia huonyeshwa mara moja au mbili, hukabidhiwa sirinji, kisha hurudi nyumbani na mgonjwa wake. Maswali huanza jioni ileile, na mengi hufika kwa katekista au paroko kwa sababu si ya kitabibu tu. Je, huku ni kula? Je, tunamtesa? Atakomunikaje? Na siku tukikubali mpira utolewe, tutakuwa tumemuua? Makala hii inayajibu kwa kufuata mafundisho ya Kanisa na yale ambayo wauguzi hufundisha. Haichukui nafasi ya maelekezo ya hospitali iliyoweka mpira; pale yanapotofautiana na yetu, yafuatwe ya hospitali.

Mpira wa puani na mpira wa tumboni

Mpira wa puani hupitishwa katika tundu moja la pua, ukashuka kooni hadi tumboni, na kushikizwa usoni kwa plasta. Hauhitaji upasuaji, na umekusudiwa kwa muda mfupi, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Ubaya wake ni kwamba huchomoka kwa urahisi: mzee aliyechanganyikiwa huuvuta usiku, na mtoto huukamata mara tu mikono yake inapokuwa huru. Tena ukisogea pasipo mtu kujua, chakula chaweza kumwagika katika njia ya hewa. Ndiyo maana mpira huwekewa alama pale unapoingilia puani, na alama hiyo hutazamwa kabla ya kila mlo.

Mpira wa tumboni huingia moja kwa moja tumboni kupitia tundu dogo katika ngozi ya tumbo. Unafaa kwa miezi na hata miaka. Njia ya kuuweka kwa msaada wa kamera inayoshushwa kinywani, bila kufungua tumbo, ilianza mwaka 1979 huko Cleveland, Marekani, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto wa miezi michache. Mahali pasipo na kamera hiyo, daktari wa upasuaji huuweka kwa operesheni. Familia nyingi huuogopa kuliko ule wa puani kwa sababu ya neno hilo operesheni. Sisi tungezishauri zisikilize sababu za daktari kabla ya kukataa, maana mpira wa tumboni hufichika chini ya shati au kanga, hausumbui koo, na humwezesha mtu kuketi kati ya watu, na hata kuja kwenye Misa Takatifu, bila kukodolewa macho.

Huku ni kula

Desturi zetu zimefungamanisha sana chakula na undugu. Anayekula peke yake hutiliwa shaka. Mgeni hukaribishwa chakula kabla hajaeleza shida iliyomleta. Mzee wa nyumba ndiye anayepakuliwa kwanza. Kwa sababu hiyo mpira wa kulishia huumiza familia kuliko dawa au sindano yoyote, kwani huleta wazo kwamba mgonjwa ameondolewa mezani. Tumeingia katika nyumba ambamo baba hulishwa katika chumba cha nyuma, pazia limefungwa, saa ambayo wengine hawapo, na anayelisha hasemi neno, kana kwamba anatia mafuta katika taa.

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika hotuba yake ya tarehe 20 Machi 2004 kwa washiriki wa kongamano la kimataifa juu ya wagonjwa waliopoteza fahamu kwa muda mrefu, alifundisha kwamba kumpa mgonjwa maji na chakula, hata kwa njia ya vifaa, ni njia ya asili ya kuhifadhi uhai, wala si tendo la kitabibu. Mwaka mmoja baadaye fundisho hilo lilimfikia mwilini mwake. Tarehe 30 Machi 2005 Vatican ilitangaza kwamba Baba Mtakatifu alikuwa akipewa chakula kwa mpira uliopitishwa puani. Aliaga dunia tarehe 2 Aprili. Waamini wanaoona aibu kusema kwamba mzazi wao analishwa kwa mpira wakumbuke kwamba Khalifa wa Mtume Petro alilishwa vivyo hivyo, na ulimwengu mzima ukaambiwa bila kificho.

Tukishakubali kwamba huku ni kula, mambo mengi ya nyumbani hupata mahali pake. Mlo mmoja wa mgonjwa, angalau ule wa jioni, upangwe saa moja na mlo wa familia, na kiti chake kisogezwe pale wengine walipo. Sala ya kabla ya chakula isaliwe pamoja naye, hata kama hawezi kuitikia. Aambiwe anachopewa: leo ni maziwa na uji wa ulezi, mama. Wako wagonjwa ambao harufu ya samaki wa kukaanga huwafariji, na wako ambao huwatoa machozi; aulizwe mwenyewe, na aulizwe tena kesho. Katika Injili ya Marko, Bwana wetu alipokwisha kumfufua binti Yairo aliagiza apewe chakula. Hakuona agizo hilo kuwa dogo mno baada ya muujiza ule.

Suala la nani alishe halifai kupuuzwa. Katika makabila yetu mengi si rahisi baba mkwe kufunuliwa tumbo na mke wa mwanawe, wala mama mzazi kuhudumiwa mwilini na kijana wake wa kiume. Haya hiyo ni ya heshima, na haifai kuchekwa. Dawa yake ni kufundisha watu wawili au watatu tangu mgonjwa akiwa bado wodini, na wanaume wawemo. Tumechoka kuona binti mmoja ameacha kazi yake kumlisha baba huku kaka zake wanne wakituma salamu na fedha ya nauli.

Jambo moja tunalisema kwa ukali kidogo, kwa sababu upendo wenyewe ndio unaoliingiza. Ni kile kijiko kimoja cha chai. Shangazi amesafiri kutoka mbali, anamkuta ndugu yake na mdomo mkavu, anasema haiwezekani mtu asionje chochote, na watu wanapotoka chumbani anampa kidogo. Kwa mgonjwa ambaye kiharusi kimelegeza koo lake, chai hiyo yaweza kushuka mapafuni pasipo hata kikohozi, na nimonia ikajulikana siku chache baadaye. Wapo wagonjwa wanaoruhusiwa kuonja au kumeza kidogo. Ruhusa hiyo hutolewa na waliompima umezaji wake, na haitokani na huruma ya mgeni. Mwenye shangazi wa namna hiyo ampe kitambaa safi kilicholowanishwa na kukamuliwa vizuri, amfute mgonjwa midomo. Hilo nalo ni tendo la huruma.

Mlo wenyewe

Mikono ioshwe kwa sabuni. Mgonjwa aketishwe, au ainuliwe kwa mito hadi kichwa na kifua viwe juu kwa nyuzi 30 hadi 45, na abaki hivyo nusu saa hadi saa nzima baada ya mlo. Kumlisha mtu aliyelala chali ni kukaribisha nimonia. Mwenye mpira wa puani atazamwe alama. Na kama hospitali imetoa karatasi za kupimia asidi, yavutwe majimaji kidogo kwa sirinji na kupimwa, nayo yasizidi 5.5. Njia ya zamani ya kusukuma hewa na kusikiliza mlio tumboni isitegemewe. Mgonjwa akianza kukohoa, kuhema kwa shida au kubadilika rangi, mlo usimamishwe papo hapo.

Maji yaliyochemshwa yakapoa hutangulia, na maji hufunga mlo. Kwa mtu mzima ni kama mililita 30 kila mara, na kwa mtoto ni kiasi alichopangiwa. Sirinji ya mililita 50 au 60 hutolewa kile kipande cha kusukumia, huunganishwa na mpira, na chakula humiminwa kishuke chenyewe kwa uzito wake. Kikienda mbio, sirinji ishushwe kidogo, kikisita, iinuliwe. Watu wazima wengi hupewa mililita 200 hadi 300 kwa mlo mmoja, polepole, si chini ya robo saa, na idadi ya milo hupangwa na hospitali. Aliyekaa siku nyingi bila kula asishindiliwe chakula kingi siku ya kwanza kwa furaha ya kwamba njia imepatikana. Mwili uliozoea njaa hudhurika kwa shibe ya ghafla, na ongezeko lake lifuate ratiba ya daktari.

Kuhusu chakula chenyewe, maziwa maalumu ya viwandani ni ghali kuliko uwezo wa familia zetu nyingi, na hakuna haja ya kuona haya kwa kuyakosa. Shida ya uji inajulikana: mwepesi unaopita vizuri huwa karibu na maji matupu, na mzito wenye nguvu huziba mpira. Hapa mama zetu wana ujuzi ambao wengine wameusahau. Unga wa kimea, yaani ulezi au mtama uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, ukitiwa kijiko katika uji mzito ulioanza kupoa, huulainisha uji huo ukawa mwepesi bila kuongezewa maji. Kisha uchemshwe tena kidogo. Maziwa, mafuta kidogo ya kupikia, unga wa soya na sukari huongeza nguvu. Vyote vichujwe kwa chujio lenye matundu madogo. Kilichokaa nje zaidi ya saa mbili kimwagwe, hata kama kinauma kukimwaga. Afisa lishe wa hospitali au wa wilaya aombwe kukadiria kiasi kinachomtosha mgonjwa, kwani kwa macho tu familia nyingi hukadiria pungufu.

Vidonge husagwa kimoja kimoja, huyeyushwa katika maji, na kila dawa hupita peke yake ikifuatiwa na maji kidogo. Vipo vidonge vilivyotengenezwa viyeyuke polepole, navyo vikisagwa huachia dawa yote kwa mara moja. Mfamasia aulizwe kila dawa mpya inapoandikwa. Mpira ukiziba, maji ya vuguvugu yavutwe na kusukumwa taratibu kwa sirinji. Waya usitumike kamwe. Soda, ambayo watu huisifu sana, huweza kugandisha maziwa ndani ya mpira na kuzidisha tatizo.

Ngozi inayouzunguka mpira wa tumboni ioshwe kwa maji na sabuni kila siku na kukaushwa. Mpira ukichomoka, tundu laweza kuanza kujifunga ndani ya saa chache: lifunikwe kwa kitambaa safi, mpira uliochomoka uchukuliwe, na safari ya hospitali ianze bila kungoja asubuhi. Asiyefundishwa asijaribu kuurudisha mwenyewe, hasa katika wiki za kwanza. Safari iwe ya haraka vilevile kwa homa, usaha, damu, kutapika kusikokoma, au tumbo lililovimba na kukaza.

Kinywa kisichokula chahitaji usafi kuliko kinacholacho. Wadudu hukusanyika, mate huteremka nao mapafuni. Mswaki laini, mara mbili kwa siku, kichwa kikiwa kimeinuliwa.

Sakramenti na mfungo

Mgonjwa anayemeza kidogo aweza kupokea Komunyo Takatifu kwa kipande kidogo sana cha Hostia. Asiyeweza kumeza mkate, Kanisa linamruhusu kukomunika kwa umbo la divai peke yake. Ndivyo isemavyo kanuni ya 925 ya Sheria za Kanisa. Damu Azizi hupelekwa nyumbani katika chombo kilichofungwa vizuri. Katika hali zote mbili familia imweleze padre au mhudumu wa Komunyo, kabla ya siku yenyewe, nini ambacho hospitali imeruhusu kipite kooni, kwa sababu hata matone machache hayamfai kila mgonjwa. Kuhusu kupitisha Ekaristi Takatifu ndani ya mpira, mtu yeyote asijiamulie; paroko aombe mwongozo wa Askofu. Mgonjwa ambaye hata mate hayamezi hakuachwa mbali na meza ya Bwana: ipo Komunyo ya tamaa, lipo ondoleo la dhambi, na upo Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, ambao ungepaswa kuombwa tangu ugonjwa mzito unapoanza. Bado tunaitwa usiku wa mwisho, pale mgonjwa hajui tena nani ameingia.

Wengine huuliza kama mlo wa mpira huvunja mfungo wa Ekaristi. Kanuni ya 919 inawaruhusu wazee, wagonjwa na wale wanaowauguza kukomunika hata kama wamekula ndani ya saa iliyotangulia. Angalieni kwamba wauguzaji wametajwa. Ama mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mgonjwa hafungwi nao, na mlo wake usipunguzwe hata kidogo kwa ajili ya Kwaresima.

Ni lazima hadi lini?

Hapa ndipo familia hugawanyika. Upande mmoja husema mnamtesa mzee, mtoeni huo mpira apumzike. Upande wa pili husema mkiutoa mmemuua kwa njaa, na damu yake itakuwa juu yenu. Tumesikia maneno hayo yakitamkwa juu ya kitanda, mgonjwa akisikia.

Kanisa linafundisha kwamba chakula na maji ni haki ya mgonjwa, na kwamba ugonjwa usio na tumaini la kupona, kupoteza fahamu au kuchukua muda mrefu si sababu ya kumnyima. Mtu hapungukiwi na utu wake kwa kuwa hawezi kumeza. Kuondoa mpira kwa nia ya kuharakisha kifo ni kosa zito, hata likiitwa huruma.

Fundisho hilohilo lina mpaka wake, na wanaolitaja nusu hulidhulumu. Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, katika majibu yake ya tarehe 1 Agosti 2007 kwa Maaskofu wa Marekani, lilieleza kwamba wajibu huu upo maadamu chakula kinatimiza lengo lake, yaani kumlisha mgonjwa na kumwondolea mateso ya njaa na kiu. Hati ya Samaritanus Bonus ya mwaka 2020 imerudia jambo hilo: mwili usipoweza tena kukipokea na kukitumia chakula, kulisha kusitishwe. Katika siku za mwisho za saratani mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Chakula hurudi, tumbo hujaa, miguu huvimba, kifua hukoroma. Wakati huo daktari akishauri mlo upunguzwe au ukome, familia haijaua. Ugonjwa ndio unaoua. Vivyo hivyo mgonjwa mwenye akili timamu aliyeelezwa kwamba mpira utamletea mzigo mkubwa na faida ndogo hatendi dhambi akiukataa kwa sababu hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inatenganisha kukubali kwamba kifo hakizuiliki na kutaka kukisababisha. Matunzo mengine huendelea yote: kulowanisha kinywa, kugeuzwa, kuoshwa, dawa za maumivu, na sala. Hospitali zenye huduma ya tiba shufaa zina watu waliofundishwa kuzungumza na familia juu ya saa hiyo, waitwe mapema.

Maelezo yaliyoambatana na majibu ya mwaka 2007 yana jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Yanakiri kwamba katika sehemu za mbali sana au katika umaskini mkubwa kulisha kwa njia hii kwaweza kutowezekana kabisa, na hakuna anayelazimishwa kufanya lisilowezekana. Lakini kile kidogo kilichopo kitolewe, na kinachokosekana kitafutwe kadiri iwezekanavyo. Mama wa kijiji ambako hakuna mpira wala gari, aliyemtunza mume wake kwa kijiko na kitambaa hadi mwisho, hana deni kwa Mungu juu ya hilo. Sisi wengine tulio jirani naye ndio tunaoambiwa tutafute.

Wanaolisha

Milo mitano kwa siku, pamoja na kupika, kuchuja, kuosha na kufua, ni kazi ya mtu mzima kutwa nzima. Anayeifanya hulala kwa kukatizwa na mara nyingi haji Misa ya Dominika. Hatendi dhambi: kumhudumia mgonjwa asiyeweza kuachwa ni sababu nzito. Ila asiachwe hivyo kwa mwaka mzima, hasa kama Misa ndiyo faraja aliyobaki nayo.

Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo inapokwenda kumtembelea mgonjwa wa namna hii, isibebe machungwa. Ipeleke sirinji mpya, sabuni, chujio, maziwa, kilo mbili za ulezi. WAWATA wa parokia waweza kuotesha kimea kwa nyumba tatu au nne kwa pamoja. Na mwanajumuiya mmoja au wawili wajifunze kulisha kutoka kwa mwanafamilia aliyefundishwa hospitalini, chini ya macho yake, hadi aridhike nao. Kisha iandikwe ratiba, majina na saa, ibandikwe ukutani karibu na kitanda, ikianza na ule mlo wa Dominika asubuhi wakati wa Misa ya kwanza.